Magari ya Kale ya Jeshi ya Meru na Embu: Chasisi na Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Barabara itokayo Embu kwenda Meru, kwa kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ni mahali pazuri pa kuona magari ambayo kwengineko yamekwisha kuwa vyuma chakavu. Land Rover za miaka ya sitini na sabini bado zafanya kazi huko. Zabeba viazi, mbao na magunia ya mbolea, na kule Chogoria huwapandisha wapanda mlima hadi lango la Mbuga ya Mlima Kenya, kwa njia ya msituni ambayo mvua ikinyesha hugeuka utelezi mtupu. Baadhi ya magari hayo yaliundwa kwa ajili ya raia. Mengine, pamoja na malori ya aina ya Bedford, yalianza maisha yake jeshini.

Na sisi wa Pwani yatuhusu nini? Ni kwamba magari haya hushuka huku. Mwenye shamba Kwale amlitaka, mwenye nyumba ya wageni Lamu alitaka, na kijana wa Kilifi aliyeona picha ya gari lililopakwa rangi vizuri alitaka pia. Wengi hununua rangi. Makala haya yaeleza magari hayo ni yepi, hufufuliwa vipi, hugeuzwa vipi, sheria yataka nini, na chumvi ya bahari hulifanya nini gari lililozoea baridi ya mlimani.

Yalikotoka

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilitaka gari la shamba, na kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita, bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kulinunua. Aina ya kwanza, Series I, iliundwa hadi 1958. Ikafuata Series II, kisha IIA kuanzia 1961, na Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Jeshi liliyapa majina kwa uzito wa mzigo: lile fupi la inchi 88 liliitwa la robo tani, na refu la inchi 109 la robo tatu ya tani. Kuanzia 1968 likaundwa pia jembamba lenye bodi ya kufunguka, ili lipunguzwe uzito na kuning'inizwa chini ya helikopta.

Bedford ni lori la Kiingereza pia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ziliundwa zaidi ya Bedford QL 50,000, zenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini ikaja RL, na kuanzia 1970 ikaja MK. Jeshi lilipozichoka, nyingi ziliuzwa kwa raia, na baadhi zikawekwa viti na kuvushwa Afrika nzima zikiwa zimebeba watalii.

Njia ya vyombo hivi kufika mlimani iko wazi. Bandari ni yetu ya Kilindini, reli ni ile ile, na Nanyuki, mlangoni mwa Meru upande wa Timau, ndipo jeshi la Uingereza lilipo na makao yake ya mafunzo hadi leo. Baadaye Land Rover zikawa zaunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. Polisi, jeshi na idara nyingi za serikali zilizitumia kwa miongo, na kila zilipochakaa zikapigwa mnada. Kwa hivyo fundi wa Meru au Embu hakukosa vyuma vya kujifunzia wala spea za kunyofoa.

Kulitambua gari la jeshi

Si kila Land Rover ya kijani ilitoka jeshini. Wauzaji wajua kuwa neno "jeshi" hupandisha bei, basi mnunuzi naye ajue alama. Magari mengi ya jeshi la Uingereza yana matangi mawili ya mafuta, moja chini ya kila kiti cha mbele. Kwenye bampa huwa na pete nene za kunyanyulia. Nyuma huwa na ndoano nzito ya kuvutia trela, si kitufe cha kawaida. Chini ya uvungu, nyuma, kwaweza kuwa na taa ndogo inayomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe. Taa hiyo ilimwezesha dereva wa nyuma kufuata msafara usiku bila taa kubwa kuonekana na adui.

Alama nyingine ni umeme. Magari ya jeshi yaliyobeba redio yalitumia volti 24 badala ya 12, kwa betri mbili. Ukikuta nafasi ya betri mbili katikati ya viti vya mbele, na nyaya za plagi zimevishwa chuma, hilo lilikuwa gari la redio. Kisha tafuta kibao cha chuma chenye namba ya chasisi. Namba iliyo kwenye kibao, iliyogongwa kwenye chasisi, na iliyo kwenye logibuku zapaswa kuwa moja. Zikitofautiana, usilipe hata shilingi mpaka upate maelezo ya maandishi.

Chasisi ndiyo mkuku

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa haya kwa lugha ya mbali. Chombo huanzia kwenye mkuku. Mkuku ukioza, tanga jipya halikisaidii. Chasisi ya Land Rover ndiyo mkuku wake, na ina tabia mbaya ya kuoza kwa ndani. Imeundwa kwa mabamba manne ya chuma yaliyochomelewa kuwa boriti yenye uwazi. Maji na tope huingia kwa vitundu, hukaa humo, na nje waona rangi nzuri ilhali ndani mna kutu tupu.

Fundi mzoefu huipima kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti ya gunia. Hupiga kwanza boriti ya nyuma inayobeba ndoano, kisha mikono ya pembeni inayoshika bodi chini ya milango, kisha pale springi zinapofungwa. Baada ya hapo hutazama chini ya miguu ya dereva, kwani ukuta wa mbele unaobeba usukani na pedali ni wa chuma, si wa aluminiamu.

Kuziba ni kazi ya subira. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hudumu miezi michache tu. Kazi ya haki ni kukata hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea kipande cha unene ule ule. Boriti ya nyuma ikiwa imekwisha, hukatwa yote na kuwekwa nyingine. Uingereza bado zatengenezwa chasisi mpya zilizochovywa zinki, lakini gharama yake pamoja na usafiri na ushuru yaweza kuipita bei ya gari lenyewe. Kabla ya kuchomelea, betri zifunguliwe na matangi yaondolewe. Kumbuka kuwa gari la jeshi lina matangi mawili. Kuna waliotoa moja wakasahau la pili, na mvuke wa petroli hausamehi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye Land Rover waijua methali hiyo kwa mfuko.

Injini ya kubadilisha

Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyoanza 1958 ni ngumu na rahisi kutengeneza. Aibu yake ni kiu. Ndiyo sababu magari mengi ya mlimani yameondolewa injini zake na kuwekwa za dizeli za Kijapani, za Toyota, Isuzu au Nissan. Spea zake hupatikana kila mji, na fundi wa matatu huzijua.

Kubadilisha si kuondoa moja na kutumbukiza nyingine. Injini mpya haikai sawa na giaboksi ya zamani bila bamba la kuunganisha, na bamba hilo lazima lichongwe kwa mashine, katikati pakutane barabara. Likipinda hata kidogo, klachi hutetema na beringi hufa mapema. Vishikio vya injini huhama, rejeta huhitaji nafasi mpya, na mabomba hubadilika.

Kisha kuna nguvu. Giaboksi na ekseli za Series ziliundwa kwa injini ya upole. Shafti za ndani za ekseli ya nyuma zajulikana kwa kukatika, na ukiweka injini yenye kani kubwa, ukaweka na magurudumu makubwa juu yake, utazikata mlimani ukiwa na mzigo. Fundi mwenye busara huchagua injini inayolingana na gari, hata kama mteja ataka kubwa zaidi. Gari hili halikuundwa kukimbia. Lina kifundo cha manjano cha kuunganisha magurudumu ya mbele na mkono mwekundu wa gia nzito, na humo ndimo ilimo nguvu yake.

Bedford hugeuzwa kwa njia hiyo hiyo. RL ilitumia petroli ya lita 4.9, mzigo usiobebeka kwa mfanyabiashara wa leo, hivyo huwekewa dizeli. Lori likawa la maji, la kokoto, au la kuvuta magari yaliyokwama. Urefu wake kutoka ardhini na mvuto wa magurudumu manne ndio mtaji wake.

Breki na mteremko wa Nithi

Hapa ndipo penye roho za watu. Barabara ya Embu na Meru hukata mito mingi itokayo mlimani, na kila mto una mteremko wake na kona zake. Jumapili ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru likija Mombasa lilitumbukia kutoka daraja la mto Nithi, na zaidi ya watu 30 walifariki. Baadhi ya familia zilizokuwa zikingoja huku zilipokea maiti. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya msiba ule habari ya breki ndiyo iliyokuwa midomoni mwa watu, na hata lile halikuwa gari la miaka hamsini.

Sasa lifikirie gari la miaka hamsini. Land Rover za zamani nyingi zina breki za drumu kote, na mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali huenda chini na hakuna cha kusaidia ila gia na breki ya mkono. Breki ya mkono nayo hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi, haishiki magurudumu. Ni ya kuegesha, na ukiivuta gari likiwa kasini yaweza kuvunja vyuma.

Injini mpya ya dizeli yalifanya gari liende mwendo ambao breki hizi hazikuukusudia. Kwa hivyo mafundi waaminifu hufanya mambo haya kabla ya kugusa rangi. Mabomba yote ya chuma ya breki hutolewa na kuwekwa mapya. Gari fupi lililokuja na drumu za inchi 10 huwekewa za inchi 11 zitokazo kwenye lile refu. Sili za mafuta za ekseli hubadilishwa, maana zikivuja mafuta huingia kwenye laini za breki na gari huvuta upande mmoja. Panapowezekana huwekwa pampu kuu yenye njia mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Ukiambiwa gari "limefufuliwa kamili", uliza haya manne. Jibu likija kwa kigugumizi, umekwisha kujibiwa.

Hatari za gereji

Kuna hatari ambazo hazimgojei dereva, humwua fundi. Baadhi ya magari ya jeshi, yakiwemo malori ya Bedford ya zamani, yana ringi za vipande viwili vilivyobanwa kwa nati. Nati za kufungia gurudumu kwenye gari ni nyingine, na nati za kubana ringi ni nyingine. Jeshi lilizipaka hizi za pili rangi nyekundu kuonya watu. Rangi ikishatoka, fundi asiyejua akafungua nati hizo tairi likiwa na upepo, ringi huruka kama risasi. Kanuni ni moja: toa upepo wote kwanza, chomoa na vali, ndipo ushike spana.

Pili ni vumbi la breki. Laini za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huharibu mapafu polepole kwa miaka. Usipulize drumu kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, pangusa, tupa kitambaa.

Tatu ni umeme wa volti 24. Balbu ya volti 12 huungua papo hapo, na redio ya gari ya kawaida hufa. Mwenye kutaka kurudi volti 12 abadilishe kila kitu: stata, jenereta, koili, balbu na geji. Kubadilisha nusu ni kualika moto.

Karatasi

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na magari ya usukani wa kushoto yamezuiwa. Sheria hiyo, inayosimamiwa na Shirika la Viwango, ndiyo sababu huwezi kuagiza tu Bedford kutoka Ulaya kama uagizavyo gari dogo la Japani. Yaliyopo nchini ndiyo tuliyo nayo, na kila moja linalokatwakatwa kuuzwa kwa kilo halina mrithi.

Gari lililotoka serikalini kwa mnada lapaswa kuwa na barua ya mnada, risiti na logibuku. Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, yapaswa kuarifiwa na kumbukumbu zirekebishwe. Namba ya injini isiyolingana na kumbukumbu hukupa taabu siku ya kuuza, na taabu kubwa zaidi siku ya ajali. Ukiweka viti kwenye gari la mizigo na kutoza nauli bila leseni na bima ya abiria, jua kuwa bima haitakujua wala majeruhi hawatakuwa na pa kudai.

Rangi na kumbukumbu

Vijana wapenda kulirudisha gari katika sura ya kijeshi kamili, namba za jeshi, alama za kikosi, mabaka ya kijani. Nafahamu mvuto wake. Lakini yafaa kujua gari hili lamaanisha nini kwa wazee wa huko. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na ikadumu hadi mwanzo wa 1960. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni 1 wa Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa kwa nguvu kutoka makwao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi. Magari ya jeshi ndiyo yaliyopita usiku. Wengi waliokamatwa Nairobi mwaka huo waliletwa kwa treni hadi Manyani na Mackinnon Road, njiani kuja kwetu. Hapo Mackinnon Road Waingereza walikuwa wameanza kujenga bohari kubwa la jeshi mwaka 1947, mpango ukaachwa, na mahali pakageuzwa kizuizi. Mzee wa miaka themanini na tano Embu alikuwa mtoto mwenye akili zake wakati huo. Mtu akipaka gari lake alama za kikosi kilichomhamisha mzee huyo, ajue anachokipitisha mbele ya mlango wake.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya karibu zaidi. Katika barabara za Lamu magari ya vyombo vya usalama yameshambuliwa mara kadhaa, na askari nao wana haki ya kulitilia shaka gari lenye sura ya jeshi lisilo la jeshi. Gari la raia lililojivika mabaka ya kijeshi hujiweka kati ya wenye bunduki wa pande mbili. Rangi ya mchanga, nyeupe au buluu ya bahari haikuondolei heshima yoyote.

Likishuka Pwani

Gari lililodumu miaka arubaini Timau laweza kuoza miaka mitano Malindi. Aluminiamu na chuma vikigusana penye chumvi na unyevu huliana, na Land Rover ina mamia ya mahali pa kugusana hivyo, kila penye bolti na riveti. Fundi akiifungua bodi, aweke mpira au grisi kati ya metali hizi mbili kabla ya kufunga tena. Vifundo vya mviringo vya ekseli ya mbele vikishika kutu hukata sili, na mafuta humwagika.

Dawa yake ni ile waliyoijua wenye vyombo. Jahazi hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hupakwa sifa na deheni, kisha hurudi majini, na kazi hiyo haina mwisho maadamu chombo chaishi. Gari nalo lioshwe uvungu kwa maji baridi kila likitoka mchangani, na angalau mara mbili kwa mwaka lipuliziwe mafuta ndani ya chasisi kupitia vitundu vyake. Usiliendeshe ndani ya maji ya bahari kwa ajili ya picha.

Anayetaka kununua, basi, aende na nyundo, tochi na mkeka wa kulalia uvungu. Aanze na namba tatu za chasisi, kibao na logibuku. Apige chasisi yote. Akanyage pedali ya breki na kuishikilia dakika nzima aone kama yazama. Alijaribu gari mteremkoni likiwa na mzigo, mwenyewe akiwa kwenye usukani. Aulize ni nani aliyebadilisha injini na kama NTSA yajua. Akimaliza yote hayo na bado alitaka, alinunue, na amlipe fundi wa chasisi zaidi ya fundi wa rangi.